Gavana na balozi wa jirani: nani humwandikia nani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa tatu. Katika kusoma habari za Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya, nimekuta kwamba kabla ya kuja Nairobi alikaa Singapore miaka 9, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwaunganisha magavana wa makoloni ya Kiingereza na mabalozi wa Uingereza walioko nchi jirani. Sielewi. Hao wote si watu wa serikali moja? Kwa nini wahitaji mtu wa kuwaunganisha? Na je, mpango ule ulifanya kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la "serikali moja", maana ndilo fundo lenyewe. Gavana alikuwa mtu wa Wizara ya Makoloni. Balozi na konsuli walikuwa watu wa Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa miaka mingi wizara hizo zilikaa katika jengo moja pale Whitehall, mtaa wa serikali mjini London, ua mmoja, lakini kila moja ilikuwa na waziri wake, mafaili yake, na kidharau chake kwa mwenzake. Kwa watu wa Makoloni, balozi ni mtu wa karamu, anayehamishwa kabla hajajua soko liko upande gani wa mji. Kwa mabalozi, gavana ni mfalme mdogo aliyezoea kuamuru, na askari wake wakivuka mpaka hatua kumi tu, urafiki wa miaka unakwenda na maji.

Huku kwetu tumewahi kuonja mikono yote miwili. Nchi iliyokuja kuitwa Kenya ilianza mwaka 1895 chini ya Mambo ya Nje, ikakabidhiwa Makoloni mwaka 1905. Zanzibar ilibaki Mambo ya Nje hadi 1913. Hadi wakati huo mkubwa wa Kiingereza mjini Unguja alikuwa na cheo cha konsuli jenerali, ingawa sidhani kama Mswahili aliyepeleka shauri lake pale aliona tofauti yoyote na gavana.

Sasa tazama barua zilivyokwenda. Ukiwahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali utakuwa umeuona ule mstari wa chini ya barua, "Nakala kwa". Telegramu za wakati ule nazo zilikuwa na orodha yake ya nakala. Jambo lolote la sera, gavana alimwandikia Waziri wa Makoloni, London. Karatasi ikavuka ua kwenda Mambo ya Nje, ikapita meza kadhaa, kila mkubwa akichomekea maoni yake, ndipo ikatoka telegramu kwa balozi. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Kutoka Kuala Lumpur hadi Bangkok ni kama kilomita 1,200, reli ipo, lakini neno la mmoja kwa mwenzake lilizungukia Ulaya. Gavana hakukatazwa kumwandikia balozi moja kwa moja. Ila akifanya hivyo ilimbidi aamue nani apate nakala na nani asipate, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mkubwa aliyesoma habari ya eneo lake kwenye nakala ya mtu mwingine hakusahau upesi.

Twende Singapore basi, mwaka 1946. Vita vimekwisha. Uingereza imerudi Malaya na Singapore, na Julai mwaka huo imeifanya Sarawak na Borneo Kaskazini kuwa makoloni yake. Majirani zake wanawaka moto: Indonesia inapigana na Waholanzi, Indochina inapigana na Wafaransa, Burma inadai uhuru wake na itaupata Januari 1948. Katikati iko Siam, yaani Thailand, nchi huru iliyosimama upande wa Japani vitani. Na kila mahali njaa. Malaya ilikuwa ikilima mpira na kuchimba bati, mchele ikinunua kwa jirani: Burma, Siam na Indochina. Vita vilivuruga zote tatu.

Mtu wa kwanza kupelekwa kuunganisha pande hizi hakuwa MacDonald. Alikuwa Lord Killearn, mwanadiplomasia wa Mambo ya Nje, ambaye akiwa balozi Cairo aliizingira ikulu ya Mfalme Farouk kwa vifaru mwaka 1942 ili amlazimishe kubadili serikali. Singapore hakukuwa na ikulu ya kuzingira. Kulikuwa na magunia ya mchele yasiyotosha. Uingereza ilikuwa imeibana Siam kwa mkataba wa tarehe 1 Januari 1946 itoe hadi tani milioni 1.5 za mchele bure, kama fidia ya kukaa upande wa adui. Mkataba mzuri kwa wizara iliyouandika. Lakini mkulima wa Siam na mwenye kinu wake hawakusaini mkataba wowote, na nani atatoa gunia bure hali magendo yanalipa? Mchele ukayeyuka. Kabla mwaka haujafika katikati, Waingereza wakakubali kulipa.

Killearn akaanzisha mikutano ya kila mwezi ya maafisa, wengine wa makoloni ya Kiingereza, wengine wa serikali jirani. Hawakujadili mustakabali wa Asia. Waliuliza: ghala lako lina nini, meli yako iko wapi, nani atakosa mwezi ujao? Mgawo wenyewe uliamuliwa Washington kwa baraza la kimataifa la chakula, lakini pale Singapore ndipo ilipojulikana nani anasema kweli. Karani wa Makoloni na karani wa ubalozi waliokuwa hawajawahi kuonana wakajikuta wanajuana kwa majina, kwa sababu ya gunia. Mimi naona hapo ndipo uhusiano wa kikazi uliposhika mizizi, mapema kuliko mikutano mikubwa iliyokuja kuandikwa magazetini.

Ukitaka mfano wa nyumbani wa uhusiano uliosimama juu ya mizigo, uliza wazee wa bandari Dar es Salaam au Kigoma habari za Belbase. Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji eneo la gati katika miji hiyo miwili kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Mabwana wa London na Brussels waliweka saini na kuondoka. Waliobaki kujuana kila siku ni watu wa gati, wa reli na wa forodha.

Killearn alipoondoka, mwaka 1948, ofisi yake iliunganishwa na ya Malcolm MacDonald, aliyekuwa Gavana Jenerali tangu 1946. Cheo kipya kikawa Kamishna Jenerali wa Uingereza katika Asia Kusini-Mashariki. Usichanganye vyeo, kwani hata wao walichanganyikiwa. Huko Kuala Lumpur kulikuwa na Kamishna Mkuu, ambaye kwa kazi alikuwa gavana. Huko Delhi, baada ya uhuru wa India, kulikuwa na Kamishna Mkuu mwingine, ambaye kwa kazi alikuwa balozi. Cheo kimoja, wizara mbali mbali. Kiswahili kimewazidi ujanja: wa Delhi tungemwita balozi, basi.

MacDonald alikuwa mtoto wa Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, na mwenyewe alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Makoloni. Hilo la pili ndilo la kulishika. Aliwahi kuwa bosi wa mabosi wa magavana. Ofisini kwake Phoenix Park, Singapore, alikuwa na manaibu wawili, mmoja wa mambo ya nje, mmoja wa makoloni, milango yao jirani. Pia aliongoza kamati ya ulinzi iliyowakalisha wakuu wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga pamoja naye. Ukiyasoma hayo utadhani ni mtu wa amri. Hakuwa na amri hata moja ya maana. Hakuweza kumwelekeza gavana aendesheje koloni lake, na balozi aliendelea kuripoti London kama kawaida. Kazi yake ilikuwa kushauri na kulinganisha. Wewe umeshafanya kazi za vikundi darasani, unajua kiongozi wa kikundi asiyeweza kumpunguzia mtu maksi anavyopata tabu.

Alichokuwa nacho kilikuwa sikio la London, na nyumba.

Sikio lilionekana mapema, na kwa ukali. Mwaka 1948 MacDonald alishaona kwamba Sir Edward Gent, Kamishna Mkuu wa Malaya, hafai kuendelea, akaiambia London hivyo. Tarehe 16 Juni wakulima wa Kizungu watatu waliuawa Sungai Siput, huko Malaya, hali ya hatari ikatangazwa, vita na chama cha kikomunisti cha Malaya vikaanza. Gent akaitwa nyumbani. Tarehe 4 Julai ndege aliyopanda iligongana na nyingine karibu na London, akafa. Magavana wengine hawakuhitaji kuambiwa zaidi kuhusu uzito wa ushauri wa mtu huyu asiye na amri.

Nyumba iliitwa Bukit Serene, jumba la Sultani wa Johor, ng'ambo ya maji kutoka Singapore. MacDonald alikuwa na sifa ya kuvua koti mahali ambapo Waingereza hawakuvua, na ya kutembea kwa mikono miguu ikiwa juu kwenye karamu. Watu wa protokali walinung'unika. Mimi sichukulii kama mzaha tu. Magavana na mabalozi walialikwa pale pamoja siku kadhaa, wakala, wakalala, wakaongea kwenye veranda bila karani wa kuandika. Gavana aliyezoea kukaa mbele ya watu wote akajikuta ameketi tu miongoni mwa wenzake. Balozi wa Bangkok akamwona kwa macho mtu aliyekuwa akimsoma miaka miwili kama jina la chini ya telegramu zenye hasira.

Mkutano unaotajwa zaidi ni wa Novemba 1949. Mwezi uliotangulia, Mao Zedong alikuwa ametangaza Jamhuri ya Watu wa China. Je, Uingereza iitambue? Kwa wanadiplomasia jibu lilikuwa karibu wazi: serikali imeshika nchi, itambuliwe. Kwa watu wa Malaya lilikuwa jambo jingine kabisa. Malaya ilikuwa na mamilioni ya Wachina, na walioko msituni na bunduki walikuwa Wachina wengi wao. Ukiitambua Beijing, Beijing italeta makonsuli. Konsuli wa serikali ya kikomunisti akikaa Kuala Lumpur, mwenye duka katika mji wa Ipoh anayechangishwa na watu wa msituni atajiuliza nani mshindi.

Pale Bukit Serene waliyaweka mezani yote mawili, na ushauri uliotoka ulikuwa itambuliwe. Uingereza ikatangaza tarehe 6 Januari 1950. Makonsuli wa serikali ya zamani ya China wakafunga ofisi Malaya, na wa Beijing hawakufunguliwa. Kila upande ukapata kile ulichokihitaji kweli, ukaacha kile ulichokuwa ukikidai. Mwafaka wa namna hiyo kwa telegramu za kupitia London ungechukua muda gani, jaza mwenyewe.

Sasa njoo mpakani, kwenye mfano ambao haukunyooka, na kwa maoni yangu unaofundisha zaidi.

Mpaka wa Malaya na Siam ni msitu na milima. Wapiganaji wa kikomunisti wakibanwa Perak au Kedah, majimbo ya Malaya, walivuka wakapumzika upande wa Betong. Kuala Lumpur ikataka jambo jepesi la kuelezeka: polisi wetu wawafuate. Balozi wa Bangkok akashika kichwa. Upande ule wa mpaka ni Patani, nchi ya Wamalay Waislamu chini ya Bangkok, na Wathai walikuwa na kumbukumbu mbaya na Waingereza kuhusu sehemu hizo. Mwaka 1909 Siam iliachia Kedah, Perlis, Kelantan na Terengganu kwa Uingereza. Mwaka 1943 Japani ikairudishia Siam majimbo hayo manne, na mwaka 1945 yakachukuliwa tena. Kwa hiyo polisi wa Kiingereza akionekana ndani ya Patani, mtu wa Bangkok haoni mwinda wakomunisti. Anaona mwaka 1909 unarudi kwa miguu.

Na hofu yao haikuwa ya bure. Januari 1948 serikali ya Bangkok ilimkamata Haji Sulong, mwanachuoni mkubwa wa Patani aliyedai haki za watu wake. Mapigano yakafuata Narathiwat, upande uleule wa Thailand, watu kwa maelfu wakakimbilia Kelantan, kwa ndugu zao. Maafisa wa Kiingereza walioko Kelantan waliwaona hao wakimbizi kwa macho. Waliishi na Wamalay, walisema Kimalay, na huruma yao ilikuwa wazi. Kila barua ya huruma iliyoandikwa Kota Bharu, mji mkuu wa Kelantan, ilimharibia kazi balozi wa Bangkok, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa akiomba mchele na ruhusa ya mpakani.

Waone watu wawili hawa. Afisa wa wilaya upande wa Kelantan ana kambi ya wakimbizi, wazee wanakuja barazani kwake kila asubuhi. Balozi ana Phibun Songkhram, aliyerudi madarakani Aprili 1948, mwanajeshi aliyetaka Uthai mmoja nchi nzima. Hakuna hata mmoja anayesema uongo. Kila mmoja akiandika London anaeleza anachokiona mlangoni kwake.

Aliyekuwa bawaba kati yao, kwa bahati, ni konsuli wa Uingereza katika mji wa Songkhla, kusini mwa Thailand. Kwa karatasi alikuwa chini ya Bangkok. Kwa kazi, habari zake zilihitajika zaidi Alor Setar, mji mkuu wa Kedah, na Kota Bharu. Mtu wa namna hii ndiye ninayependa wanafunzi wamtafute katika kila mfano, konsuli mdogo wa mpakani mwenye wizara moja kwenye mshahara na nyingine kwenye shughuli za kila siku. Afrika Mashariki alikuwapo pia: Uingereza iliweka konsuli Mega, kusini mwa Ethiopia, na shughuli zake nyingi zilihusu maofisa wa Kenya upande wa Moyale kuliko wakubwa wa Addis Ababa. Visima, ng'ombe, bunduki, watu waliovuka.

Mwaka 1949 yakapatikana makubaliano ya polisi ya mpakani kati ya Malaya na Thailand. Ushirikiano ukawapo, kuvuka kukaruhusiwa kwa masharti. Bei yake haikuandikwa kwa wino mzito, lakini ilieleweka: Waingereza wasiwape nafasi watetezi wa Patani waliokuwa Malaya. Wathai walilalamika kwamba Waingereza wanawalea waasi wa Kimalay. Waingereza walilalamika kwamba Wathai hawawasumbui wakomunisti wa Kichina, kwa kuwa hao hawaidai ardhi ya Thailand. Wote wawili walikuwa na haki ya kulalamika. Haji Sulong alipotea mwaka 1954 baada ya kuitwa na polisi. Karibu na miaka hiyo Chin Peng, kiongozi wa wakomunisti wa Malaya, alihamishia makao yake kusini mwa Thailand. Hali ya hatari ilifutwa rasmi Julai 1960, lakini watu wake walibaki mpakani hadi mkataba wa amani wa Hat Yai, Desemba 1989. Wakati huo Malaya ilishakuwa Malaysia, na MacDonald alishafariki.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mpango ulifanya kazi: kwenye mchele ndiyo, kwenye China ndiyo, kwenye mpaka nusu, na nusu hiyo ililipwa na watu wa Patani ambao hawakualikwa Bukit Serene. Uhusiano mzuri kati ya gavana na balozi ni uhusiano wa Waingereza wawili. Wenyeji wa pande zote mbili za mpaka wanaweza kuumia zaidi wawili hao wanapoelewana.

Kuhusu Kenya, uliyoanzia. MacDonald alifika Nairobi mwanzoni mwa 1963, baada ya gavana Renison, yule aliyemwita Kenyatta kiongozi wa kuelekea giza na mauti. Alikuja na mazoea ya Singapore: changamana na watu kwanza, karatasi baadaye. Baada ya tarehe 12 Desemba 1963 akabaki kama Gavana Jenerali, na hapo ikatokea hali ya ajabu. Nairobi palikuwa na Waingereza wawili wakubwa: yeye, mwakilishi wa Malkia akiwa Malkia wa Kenya, na Sir Geoffrey de Freitas, balozi wa serikali ya Uingereza. Januari 1964 mambo yakaja mfululizo: mapinduzi Zanzibar tarehe 12, maasi ya askari Tanganyika tarehe 20, Uganda tarehe 23, kambi ya Lanet hapo Kenya tarehe 24. Serikali zote tatu za bara ziliomba askari wa Kiingereza, na maombi hayo sasa yalitoka kwa viongozi wenye nchi zao. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, MacDonald mwenyewe akawa balozi. Mtu yuleyule, mji uleule, ila sasa ndiye aliyeomba miadi kwa Kenyatta.

Ukitaka kuandika juu ya haya, karatasi zake binafsi ziko Chuo Kikuu cha Durham. Za serikali ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, na hapo utakutana tena na ule ua wa Whitehall: habari za mpaka wa Siam ziko kwenye FO 371 kwa upande wa Mambo ya Nje, na nyingi za siri za Makoloni ziko CO 537. Omba mafaili ya mwezi mmoja kutoka pande zote mbili, uyaweke mezani pamoja. Kisha, kabla hujasoma telegramu yenyewe, soma orodha ya waliopewa nakala.